UZI: Leo tumkumbuke Joe Strummer wa The Clash, sisi tuliomsikia tukiwa huku Nyanda za Juu Kusini

Loleza Mkongwe

Wakuu, habari za jioni.

Leo ni tarehe 22 Desemba. Siku kama ya leo mwaka 2002, Joe Strummer alifariki ghafla nyumbani kwake Broomfield, Somerset, huko Uingereza. Alikuwa ametoka kutembeza mbwa. Moyo wake ulikuwa na hitilafu aliyozaliwa nayo na hakuna daktari aliyewahi kuigundua. Umri wake miaka 50. Nafungua uzi huu kwa sababu najua humu ndani tupo watu wa Mbeya, Iringa, Njombe na Songwe ambao muziki wake ulitufikia na ukatukaa, na sijaona mahali tumewahi kumzungumzia kwa kirefu kwa Kiswahili chetu.

Kwa asiyemjua: jina alilopewa na wazazi ni John Graham Mellor, kazaliwa Ankara, Uturuki, tarehe 21 Agosti 1952, baba yake akiwa mtumishi wa wizara ya mambo ya nje ya Uingereza. Utotoni kaishi Cairo, Mexico City na Bonn kabla ya kupelekwa shule ya bweni Uingereza. Mwaka 1976 yeye na Mick Jones na Paul Simonon wakaanzisha The Clash pale London, baadaye Topper Headon akakaa kwenye dramu. Albamu ya kwanza ilitoka 1977, na bendi ilidumu miaka kumi hivi. Huo ndio muziki wanaouita panki: gitaa linakwaruza, wimbo mfupi, maneno yanasemwa bila kumumunya.

Lakini mimi sikumjua kwa The Clash. Nilimjua kwa redio. Kati ya mwaka 1998 na 2001 alikuwa na kipindi chake cha nusu saa BBC World Service, na sisi tulikipata kwa masafa mafupi. Wanaokumbuka redio za wakati ule wanajua kazi yake. Nyumbani Sisimba tulikuwa na National ya betri kubwa, antena yake imekatika katikati, kaka yangu kachukua waya wa shaba kutoka kwenye mota mbovu, kauzungushia kwenye kile kipande kilichobaki, kaupitisha dirishani mpaka kwenye mparachichi. Usiku mawimbi yanakuja yanaondoka. Unazungusha kitufe polepole sana, unapita mluzi, unapita Kiarabu, unapita mahubiri, halafu inatokea sauti ya mzee mmoja yenye mikwaruzo, mchangamfu, anaongea na wewe utadhani mmekaa naye meza moja. Anakupigia cumbia ya Colombia. Akitoka hapo rege. Akitoka hapo muziki wa Afrika, kisha rokiroli ya zamani ya Wamarekani, na vyote anavitangaza kwa furaha ileile.

Mimi sikujua kwamba huyo ndiye aliyeitikisa Uingereza miaka ishirini nyuma. Nilipokuja kupata kaseti ya London Calling ya The Clash pale Mwanjelwa, kwenye vibanda vya kurekodia, nikasikiliza nikamtambua kwa sauti. Na jina la albamu ile, iliyotoka Desemba 1979, linatokana na maneno ambayo BBC hiyohiyo ilikuwa ikijitambulisha nayo hewani. Mtu aliimba kuhusu redio akiwa kijana, akaishia kuwa ndani ya redio ileile akiongea na sisi huku milimani.

Hoja yangu naiweka mezani, mnipinge au mniongezee: watu wanamkumbuka Strummer kwa hasira yake. Mimi nasema alichotuachia hasa ni sikio. Alikuwa mwanamuziki aliyewasikiliza watu wengine kuliko wenzake wote wa zama zake, na ndiyo maana nyimbo zake zimewafikia watu wasiohusiana kabisa na London. Karibuni.

Ridhimu wa Mafinga

Mkuu Loleza, umenigusa. Nipo.

Kihesa Juu

Kamwene. Naheshimu uzi, na marehemu tumwombee pumziko. Ila kwa kuwa umesema tukupinge, na mimi niseme langu.

Huyu bwana ni mtoto wa ofisa wa serikali, kasoma bweni ya kulipiwa, kaja mjini kajibadilisha jina na lafudhi ili aonekane mtoto wa mtaani. Wimbo wao wa kwanza kutoka, Machi 1977, unaitwa White Riot, yaani ghasia za Wazungu. Bendi ya kupinga mabepari, lakini Januari mwaka huohuo wamesaini na CBS, kampuni kubwa, kwa pauni laki moja kama inavyoandikwa. Mimi nimekulia Kihesa, muziki ninaoujua wa mtu mnyonge unaimbwa na mnyonge mwenyewe. Nisaidieni, hapo nasifu nini?

Loleza Mkongwe

Kihesa, asante, hayo ni maswali ya haki na yaliulizwa hata kwao London. Nayajibu moja moja.

Hilo jina la wimbo. Agosti 1976, kwenye kanivali ya Notting Hill, vijana weusi wa asili ya Karibi walipambana na polisi waliokuwa wakiwasimamisha na kuwapekua kila siku mitaani. Strummer na Simonon walikuwepo pale, wakaona kwa macho yao. Wimbo unawaambia vijana wa Kizungu: wenzenu weusi wamekataa kuonewa, ninyi mnangoja nini? Kuna walioutafsiri vibaya kwa makusudi, wale wabaguzi, na bendi ikalazimika kulisema jambo hilo waziwazi. Tarehe 30 Aprili 1978 makumi ya maelfu ya watu waliandamana kutoka Trafalgar Square mpaka Victoria Park kupinga chama cha kibaguzi cha National Front, na The Clash walipanda jukwaani siku ile pamoja na Steel Pulse, watu wa rege.

Sasa kuna jambo ambalo wengi hawalijui, nalo ndilo linalonifanya nimheshimu. Joe alikuwa na kaka yake mmoja tu, David, amemzidi mwaka na nusu hivi. David alikuwa mkimya, akavutwa na hicho chama cha National Front, na mwaka 1970 akajiua. Joe ndiye aliyekwenda kuutambua mwili, akiwa hajafikisha miaka 18. Hakupenda kulizungumza. Lakini ukijua hivyo, kisha ukamwona miaka minane baadaye amesimama mbele ya umati ule anaimba mpaka mishipa ya shingo inatoka, huwezi kusema ni maigizo ya mtoto wa ofisa.

Asili yake ni kweli, na mwanzoni aliificha. Hilo silitetei. Lakini kabla ya The Clash aliishi kweli kwenye magofu ya kuvamia pale Walterton Road namba 101, ndiyo maana bendi yake ya wakati huo iliitwa The 101ers, na alipata riziki kwa kupiga ala kwenye njia za treni za chini ya ardhi.

Kuhusu CBS: walisaini, ndiyo. Kisha wakaibana kampuni. London Calling ni santuri mbili zilizouzwa kwa bei ya moja. Mwaka uliofuata wakatoa Sandinista!, santuri tatu, nyimbo 36, wakataka iuzwe kwa bei ya chini hivyohivyo, na ili kampuni ikubali wakaacha mrabaha wao kwenye nakala laki mbili za kwanza Uingereza. Bendi ilikuwa na madeni wakati huo. Mwanamuziki gani leo anakubali hivyo ili mtoto wa mfanyakazi anunue?

Binti Rungwe

Shikamooni wazee wa jukwaa. Wenzangu, kwa kuwa mmefika Victoria Park, naomba nisipitwe.

Siku ile jukwaani alikuwepo pia Poly Styrene na bendi yake X-Ray Spex. Jina lake Marianne Elliott-Said. Mama Mwingereza, baba yake Msomali. Yaani damu ya Afrika Mashariki ilikuwa katikati ya panki tangu mwanzo, na tena mwanamke, wakati wenzie wote wa kike walikuwa wanaambiwa wavae hivi wakae vile. Alikuwa na waya kwenye meno, akauacha uonekane, akaimba kuhusu vitu vya plastiki na watu kulazimishwa kununua. Akafariki Aprili 2011 kwa saratani.

Mimi nimemfikia Strummer kupitia kwake. Mjomba wangu alikuwa baharia Dar, alirudi Tukuyu na boksi la kaseti, na sisi watoto wa kike tulikuwa tunaruhusiwa kusikiliza kwaya tu. Nilipomsikia yule dada anapiga kelele mwanzoni mwa wimbo, kwa sauti kali isiyoomba radhi, nilisimama. Sikuwa najua mwanamke anaweza kutoa sauti hiyo kwenye kaseti na watu wakalipia. Kwa hiyo kaka Loleza, kwenye hoja yako ya sikio naongeza: Strummer na wenzake waliacha nafasi jukwaani. Hawakusimama peke yao.

Kihesa Juu

Hiyo ya kaka yake sikuijua. Dah.

Dada Rungwe, huyo Poly nitamtafuta.

Ridhimu wa Mafinga

Mimi napiga gitaa la ridhimu kanisani, kwa hiyo niruhusuni niongelee mkono.

Strummer alikuwa mtu wa mkono wa kushoto, lakini alijifunza kupiga gitaa la mkono wa kulia. Maana yake mkono wake mzuri, ule wenye akili, ulikuwa kwenye shingo ya gitaa, na ule mzito ndio uliochapa nyuzi. Alishaeleza mwenyewe kwamba yeye anaweza kupiga nyuzi zote sita au asipige kabisa, mambo ya uzi mmoja mmoja aliwaachia wenzake. Na jina Strummer limetoka hapohapo, kwenye kuchapa. Gitaa lake maarufu ni Fender Telecaster ya mwaka 1966, akalipulizia rangi nyeusi, na kadiri miaka ilivyokwenda rangi ikachubuka pale mkono unapopita. Alikuwa anajifunga plasta na vitambaa kwenye mkono wa kulia maana nyuzi zilikuwa zinamkata mpaka damu.

Kwa nini naeleza haya? Kwa sababu wengi tumeambiwa gitaa ni la fundi wa solo. Ukienda kwenye bendi yoyote ya dansi, sifa zinakwenda kwa solo. Mpiga ridhimu anaonekana msindikizaji. Strummer alikuwa anaongoza bendi nzima kwa ridhimu. Sikiliza mguu wake wa kushoto kwenye video za jukwaani, unapiga sakafu kabla ya dramu. Mpiga dramu anamfuata yeye.

Vijana wangu wa kwaya walipoanza, gitaa lilikuwa moja, amplifaya spika yake imechanika ikashonwa na gundi, na kijana anayepiga anajua mikao mitatu tu ya vidole. Alitaka kuacha, anasema bado hajawa tayari, mpaka aende Dar akasome. Nikamwekea albamu ya kwanza ya The Clash kwenye simu. Nikamwambia hesabu mikao hapo. Akahesabu. Jumapili akapiga. Leo ndiye anayewafundisha wengine, na bado mikao yake siyo mingi, lakini ukiwa umekaa benchi la nyuma huwezi kutulia.

Sisemi panki ni rahisi. Jaribu kuchapa nyuzi sita kwa nguvu ileile dakika arobaini bila kupoteza kasi, uone bega.

Boda ya Tunduma

Watu wa Mbeya mnakwenda London kwa miguu wakati jirani yupo hapa ng'ambo ya geti!

Tuliokulia Tunduma tulikuwa na roki yetu ya Zambia, wanaiita Zamrock. Miaka ya 70. WITCH ya Jagari Chanda, Rikki Ililonga na Musi-O-Tunya, Amanaz, na mkubwa wao kwangu mimi ni marehemu Paul Ngozi na Ngozi Family. Jina lake Paul Dobson Nyirongo. Gitaa lake lilikuwa linakwaruza vilevile kama hao wa London, na anaanza kabla yao. Jukwaani alikuwa analipiga kwa meno. Anaimba Kiingereza na Kinyanja kuhusu watu wa vitongoji vya Lusaka, ulevi, ndoa, umaskini. Akafariki 1989. Kaunda alikuwa ameagiza redio ya taifa ipige zaidi muziki wa Wazambia wenyewe, ndipo vijana wakarekodi kwa wingi. Kisha bei ya shaba ikaanguka, uchumi ukayumba, santuri zikakosa wanunuzi, na UKIMWI ukaja kuwamaliza wengi wao.

Treni ya TAZARA imeanza kazi 1976, mwaka uleule The Clash wanaanza. Muziki wa Zambia umeingia Mbeya kwa njia hiyo, kwenye mabehewa, kaseti zimefichwa kwenye mizigo ya vitenge. Kalindula, muziki wa kucheza wa Zambia, ndiyo ilishika zaidi, lakini Ngozi alikuwepo.

Simpunguzii Strummer. Nasema tu kwamba ukiongelea panki ukamwacha Paul Ngozi, hujamaliza.

Loleza Mkongwe

Boda, hapo umefungua mlango mkubwa na unastahili uzi wako peke yake. Fungua, tutakuja wote.

Nakubaliana na wewe kabisa, na nadhani Strummer mwenyewe angekubali. Mwaka 2007 ilitoka filamu ya Julien Temple ya maisha yake, na kwenye muziki wa filamu ile, pamoja na Elvis na Nina Simone na Woody Guthrie, wamo Bhundu Boys wa Zimbabwe. Ndizo nyimbo alizokuwa anazipenda na kuzipiga redioni. Hakuwa anachukulia muziki wa Afrika kama kitu cha makumbusho, aliuweka foleni moja na Elvis.

Na hapa ndipo penye hoja yangu. Chukua Police and Thieves, wimbo wa Junior Murvin wa Jamaika, umetengenezwa na Lee Perry, 1976. The Clash waliurudia kwenye albamu yao ya kwanza, dakika sita, wakati nyingi ya nyimbo zao nyingine hazifiki tatu. Hawakujifanya Wajamaika. Waliupiga kwa mikono yao ya London, mzito, bila mapambo. Bob Marley akasikia habari zao, akatoa Punky Reggae Party mwaka huohuo 1977 na The Clash akawataja ndani. Lee Perry akaja kuwatengenezea wimbo. Baadaye Mikey Dread, Mjamaika wa rege, akasafiri nao na kurekodi nao. Mtu akikusikiliza kweli, na wewe unamsikiliza.

Baadaye kwenye bendi yake ya mwisho, The Mescaleros, ndiyo akafungua madirisha yote. Albamu ya Global a Go-Go ya 2001 ni kama kile kipindi cha redio kimegeuzwa kuwa nyimbo.

Uyole Kwetu

Shikamooni wakubwa. Mimi ni wa juzi, nimezaliwa wakati huyo mzee ameshafariki.

Nimeingia kwa mlango wa pembeni. Wimbo wa M.I.A., Paper Planes, wa 2007, ule wenye milio ya bunduki na mashine ya kulipia dukani. Nilikuwa naupenda tangu mdogo. Nikaja kugundua lile gitaa linaloelea nyuma limekatwa kutoka Straight to Hell ya The Clash, 1982. Nikaitafuta yenyewe. Inahusu watoto waliozaliwa na askari wa Marekani kule Vietnam wakaachwa, na wahamiaji wasiotakiwa Uingereza. Na M.I.A. mwenyewe ni mtoto wa Kitamili wa Sri Lanka aliyekimbilia London kwa sababu ya vita. Kwa hiyo aliyeimbwa kwenye wimbo wa kwanza amekuja kuimba mwenyewe kwenye wa pili, juu ya gitaa lilelile. Nilikaa nalo hilo siku nzima.

Na kuna Rachid Taha wa Algeria aliuchukua Rock the Casbah akauimba kwa Kiarabu, 2004. Naye ameshafariki, 2018.

Sisi Mbeya tunajua rapa anaweza kuwasemea watu mpaka wakamtuma bungeni, maana Sugu kawa mbunge wa Mbeya Mjini miaka kumi. Ninachojiuliza, mbona hatuna bendi? Studio zimejaa, kompyuta moja na maikrofoni moja. Hakuna watu wanne wanaosimama pamoja na ala.

Ridhimu wa Mafinga

Marahaba kijana. Bendi zipo, ziko makanisani. Nenda Rungwe siku ya mkutano wa Wamoravian uone matarumbeta. Nenda Ilula, nenda Ifunda. Vijana wanapiga ala kweli kweli. Tatizo ni kwamba akitoka mlango wa kanisa hana gitaa, gitaa ni mali ya usharika.

Ala ni ghali. Hilo ndilo jibu fupi. Strummer alianza na ukulele kwenye njia za treni kwa sababu ndiyo aliyoweza kununua. Kwetu wazee walitengeneza magitaa kwa madebe na waya za breki za baiskeli, na walitoa muziki. Kijana, kama uko Uyole na una wenzako wawili, nitumie ujumbe. Nina gitaa la pili linakaa tu, shingo imepinda kidogo lakini linashika sauti.

Makambako Njia Panda

Nimesoma uzi wote kimya, ninachosema mimi ni kimoja.

Wimbo mmoja wa mwisho kuandikwa na Strummer ni kwa ajili ya kampeni ya Mandela dhidi ya UKIMWI. Namba 46664, namba ya Mandela gerezani Robben Island, mfungwa wa 466 mwaka 1964. Strummer alikuwa anauandika pamoja na wanamuziki wenzake Bono na Dave Stewart, akafariki kabla haujakamilika. Novemba 29, 2003 likafanyika tamasha Cape Town, uwanja wa Green Point, na wimbo ukaimbwa yeye akiwa ameshafariki karibu mwaka mzima.

Mnajua miaka ile huku kwetu ilikuwaje. Njombe, Makete, Iringa, Mbeya, ndiyo maeneo yaliyoongoza nchi nzima kwa maambukizi. Makete kuna vijiji walibaki bibi na wajukuu. Mimi nimelelewa na bibi. Dawa hazikuwepo bado, zilianza kutolewa bure hospitali za serikali 2004. Tulikuwa tunazika, na watu hawasemi ugonjwa. Wanasema ameugua muda mrefu, basi.

Bhundu Boys aliowataja mkuu Loleza, mpiga besi wao David Mankaba alifariki kwa UKIMWI 1991, na alikuwa miongoni mwa Wazimbabwe wa kwanza maarufu kulisema wazi.

Kwa hiyo mtu aliyekuwa na miaka 50, ana bendi yake, ana familia yake Somerset, hakuna aliyemlazimisha, akatumia siku zake za mwisho kuandika maneno kuhusu kitu kilichokuwa kinatumaliza sisi. Nilipolijua hilo nikiwa mtu mzima, nilimweka kwenye watu wangu. Sijui hata kama albamu zake nazijua zote. Hiyo inatosha kwangu.

Binti Rungwe

Makambako, pole sana ndugu yangu. Ndaga kwa kutuandikia.

Boda ya Tunduma

Pole mkuu. Huku kwetu barabara ya malori, tunaelewa.

Kihesa Juu

Pole Makambako. Na mimi nililelewa na shangazi, kwa sababu hiyohiyo.

Nimesikiliza tangu jana. Nimeanza na hiyo ya Straight to Hell aliyoitaja kijana, nikaenda London Calling. Nakubali wimbo, nakubali msimamo wa Victoria Park. Lakini kuna moja bado linanikaa kooni. Mnasema alikuwa mtu wa kusikiliza. Mbona aliwafukuza wenzake? Topper alifukuzwa 1982 kwa ajili ya unga, ndiye aliyetunga muziki wa Rock the Casbah karibu wote. Mwaka uliofuata akafukuzwa Mick Jones, mwenzie wa kuandika nyimbo. Hapo sikio lilikuwa wapi?

Loleza Mkongwe

Hapo umepiga penyewe, Kihesa, na sitalizunguka. Kuwafukuza wale wawili kuliiua bendi. Albamu waliyotoa baada ya hapo, 1985, hata washabiki wa damu hawaisikilizi, na yeye mwenyewe alikuja kusema hadharani kwamba alikosea. Alimfuata Mick ili warudiane. Mick wakati huo alikuwa ameshaanzisha bendi yake, Big Audio Dynamite, hakurudi, lakini urafiki ukarudi, na Joe akashiriki kuandika na kutengeneza albamu yao ya pili, 1986. Kisha akapitia miaka mingi ya ukimya, bila bendi yake mwenyewe.

Sasa nikuambie kilichotokea Novemba 15, 2002. Wafanyakazi wa zimamoto wa Uingereza walikuwa kwenye mgomo wa kudai mishahara. Strummer na Mescaleros wakafanya onyesho la kuwachangia kwenye ukumbi wa Acton Town Hall, London magharibi. Mick Jones alikuwa amekuja kama mtazamaji tu. Bendi ilipoanza Bankrobber, Mick akashindwa kuvumilia, akapanda jukwaani, akachukua gitaa. Hawakuwa wamepanga. Wakapiga pamoja nyimbo tatu za The Clash, mara ya kwanza kusimama jukwaa moja tangu 1983. Wiki tano baadaye Joe akafariki.

Machi 2003 The Clash wakaingizwa kwenye jumba la heshima la rokiroli kule Marekani, na kulikuwa na mazungumzo ya kupiga pamoja siku hiyo. Haikuwa. Lakini Acton ilikuwa, na waliimba kwa ajili ya watu wa zimamoto. Mimi naichukua hiyo.

Kihesa Juu

Nimekuelewa mkuu. Hiyo ya Acton, iko video?

Loleza Mkongwe

Zipo, picha si nzuri sana, lakini sauti inasikika. Utamwona Mick anavyoingia.

Uyole Kwetu

Mzee Ridhimu, nimekutumia ujumbe. Tuko watatu. Mmoja anapiga ndoo na kopo la rangi, lakini yuko sawasawa kwenye mdundo.

Wakubwa, nielekezeni. Nianze na albamu ipi, kwa mpangilio?

Loleza Mkongwe

Usianze kwa mpangilio wa miaka. Anza na London Calling yote, bila kuruka. Kisha ile ya kwanza ya 1977, usikilize kwa sauti kubwa. Sandinista! iweke baadaye maana ni ndefu na imechanganyika, mengine utayapenda mengine hapana, usijilazimishe, lakini usikose Washington Bullets. Combat Rock, yenye Straight to Hell na Rock the Casbah, unaijua nusu tayari. Halafu Streetcore, iliyotoka 2003 baada ya kifo chake, wenzake ndio waliomalizia. Mle ndani ameimba wimbo wa Marley, Redemption Song, kwa gitaa kavu. Huyo ndiye yule mzee wa redio.

Boda ya Tunduma

Na 45,000 Volts ya Ngozi Family, kijana. 1977. Usimalize mwaka bila kuisikiliza. Uzi wa Zamrock naufungua kesho jioni, na nitaweka picha za majalada niliyo nayo.

Ridhimu wa Mafinga

Uyole, nimeona ujumbe. Jumamosi nashuka Mbeya na basi la asubuhi, nitakuwa na gitaa. Leteni ndoo.